Samaki Wawili wa Shaba: Kutoka Busale Hadi Ikombe

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula ugali wa mhogo na ndizi, ndizi na ugali wa mhogo, kuanzia Pasaka mpaka mvua nyingine, kwa sababu maji yalilala majarubani yakaozesha mpunga wote. Muulize mtu yeyote wa Busale. Atakwambia, "Ah, mwaka wa mhogo!" na atashika tumbo. Lakini mimi siulaumu mhogo. Ningekuwa nakula wali mwaka ule, nisingesafiri popote. Ugali wa mhogo ndio ulionitoa nyumbani.

Niseme kwanza jambo ambalo majirani hulicheka. Mimi nakusanya visahani vya majivu ya sigara, vile vya shaba ambavyo askari wetu walivikata kutoka kwenye maganda ya mizinga vitani wakaja navyo nyumbani. Sivuti. Sijawahi kuvuta. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alivutia nje na majivu akayakung'utia kwenye ganda la konokono, maana visahani vyangu nilimkataza kuvigusa. Wakati huo nilikuwa navyo kumi na kimoja. Kimoja kina miguu mitatu, kila mguu ganda la risasi. Kingine kina picha ya ngamia na maandishi ya kigeni. Aliyekuja nacho alikinunua njiani, nchi ya mchanga, kama ukumbusho. Kingine nilikikuta kwa mjane mmoja kikizuia mlango usipigwe na upepo. Nafanya haraka, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na baiskeli na mizani zao, na shaba ikishaingia kwenye gunia lao haina baba tena.

Kikubwa kuliko vyote ni kile cha Baba. Baba alikwenda vita ya Burma. Huko alipasua ganda moja la mzinga pamoja na rafiki yake Yoramu, Mkisi wa Ikombe, kule ziwani, mtoto wa mfinyanzi. Yoramu alikanda udongo mgumu wakaulaza chini ya shaba, na Baba akapiga msumari juu yake, kitone kwa kitone, ili shaba ivimbe bila kutoboka. Vikatoka visahani viwili. Ndani ya kila kimoja samaki wa vitone ameinuka. Wa kwanza anatazama kulia, wa pili kushoto, ukiviweka pamoja wanaangaliana. Kwenye mkia wa kila samaki Baba alizidisha vitone vitatu. Alisema ni yeye, Yoramu, na Mungu aliyewarudisha.

Cha pili kilikuwa cha Yoramu. Kaka yangu Andwele alikuwepo, mtoto mdogo juu ya mabega ya Baba, siku Baba alipokipeleka Ikombe kwa miguu. Yoramu akampa Baba chungu, wakaagana. Baada ya hapo hawakuonana tena. Tulipokuwa wadogo tukiuliza kwa nini Baba haendi kumwona rafiki yake, alijibu neno moja tu miaka yote: "Zamu ni yake. Mimi nilikwenda." Akafa anasubiri.

Sasa Kaka Andwele, ambaye tunaishi naye uwanja mmoja, macho yamemwingia ukungu. Anamjua mtu kwa kikohozi. Siku moja alikichukua kisahani cha Baba, akapitisha kidole juu ya samaki, akasema, "Dada, wa pili nilimwona mara moja tu. Ningependa kumshika kabla sijafa." Basi. Mtu akikwambia hivyo, utalala?

Na mwanangu Gwakisa, aliye Mbeya, naye alikuwa na lake. Ana kabati la vioo sebuleni, lina taa ndani. Kila simu: "Mama, nipe hivyo visahani, huko vitaibiwa." Nilimwambia nikipata cha pili cha Baba aje avichukue vyote. Nilisema hivyo nikijua sitakipata.

Jumatano, jikoni kwangu. Mkwe wangu Tumaini, mke wa mwanangu mdogo, alikuwa amenunua chungu kipya soko la Kyela. Nikakipindua kukisugua. Kitakoni pana vishimo vidogo, vimejipanga kama samaki. Nikahesabu mkiani: moja, mbili, tatu. Nikapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Kuna nini, mama?" Tumaini akaja na mwiko mkononi.

"Samaki wa Baba!"

Akaangalia. "Mama, huyu anatazama kulia kama wa kwako. Wa pili si anatazama kushoto? Labda kuna mtu kaiga."

Nilikiweka chungu chini. Nikakaa. Mbele yangu palikuwa na ugali wa mhogo, umeganda, unang'aa. Sijui nani alinituma. Nilichukua kisahani changu nikaugandamiza ugali ndani yake, nikaubandua. Samaki wangu wa kulia akatoka kwenye ugali anatazama kushoto! Shaba ikibandika, inageuza. Basi aliyebandika kulia kwenye chungu, mwenyewe anatazama kushoto. Ndiye!

"Tumaini," nikasema, "ule usile, kesho nasafiri." Tukaula ule ugali tukicheka, pamoja na samaki wake.

Alhamisi alfajiri, Busale. Nilijifunga kanga mbili, nikakivingirisha kisahani cha Baba kwenye ya tatu. Nikatoa uvunguni debe la mchele, la mwisho, la mavuno ya mwaka wa nyuma. Tumaini alishtuka: "Mama, huo mchele si tulisema wa Krismasi?" Nikamjibu, "Krismasi imekuja mapema." Watu wa Ikombe hubadilisha chungu kwa nafaka ya kukijaza, ndivyo walivyofanya tangu zamani, na mimi sikutaka kwenda kuomba. Nilitaka kwenda kubadilisha.

Dereva wa bodaboda wangu alikuwa Ambakisye, mwanaume mwenye mvi, anaendesha kama anapeleka mayai. Debe tukalifunga nyuma, mimi katikati. Barabara ilikuwa imenyeshewa, kokoa zimeanikwa kwenye mikeka kila uwanja, harufu yake kama pombe inayoanza kuchacha.

"Mama Gwakisa," akapaza sauti, "ni kweli unakwenda kutafuta cha kuwekea majivu?"

"Ni kweli."

"Na nyumba yako haina mvutaji?"

"Haina."

Tukavuka daraja. "Mimi mke wangu anakusanya vikombe vya wageni ambavyo haruhusu wageni wavinywee. Naona ni ugonjwa mmoja."

Saa tatu, Kyela mjini. Muuza vyungu alikuwa bado anavipanga. Nikampa kile chungu nilichokuja nacho nikamwonyesha kitako. Akasema hakuwahi kukitazama chungu matakoni, yeye si mkunga. Alikinunua Mwaya, kwa Mama Neema, anayepokea vyungu vinavyoletwa na mitumbwi.

Mwaya tulifika jua limepanda. Mama Neema ana duka la chumvi, sabuni na vyungu, na vifaranga wamejaa mlangoni. Nilimwamkia, "Mugonile," naye akaitika "Ndaga" bila kuinua kichwa, anahesabu sabuni. Nikamwonyesha kitako cha chungu.

"Hiyo alama ni ya Eliza wa Ikombe," akasema. "Kila mfinyanzi ana yake. Mwingine anakwaruza kwa kucha, mwingine anachomeka gunzi la hindi. Eliza ni samaki."

"Eliza ni mtoto wa nani?"

"Wa mzee Yoramu, yule aliyekuwa askari. Ameshakufa zamani."

Nilitaka kumbeba. Lakini macho yangu hayapumziki hata moyo ukipiga. Vifaranga walikuwa wanakunywa maji kwenye kitu kizito, cheusi, chenye mdomo mviringo. Nikainama, nikakikwaruza kwa ukucha. Njano! Kitako cha ganda la mzinga, namba zimechongwa chini, mtu amekikata na kukilainisha ukingo na kukiwekea vibonde viwili vya kulazia sigara.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Babu alikifukua akilima jarubani. Cha vita ya Mjerumani. Chukua kama unakitaka, lakini vifaranga wangu wanywe wapi?"

Nikanunua kwake mwenyewe bakuli la plastiki, jekundu, nikamwachia. Ambakisye aliniona natoka nacho nikikifuta kwa ncha ya kanga, akatikisa kichwa. "Cha kumi na mbili," nikamwambia. Akasema, "Pole."

Kutoka Mwaya tulirudi kuzunguka kupitia Ipinda, maana kando ya ziwa mito ilikuwa imejaa na Ambakisye hakutaka kuivuka na debe. Baada ya Ipinda milima ya Ukinga inaanza kukusogelea. Ukiwa Busale ni ya buluu, kama nguo iliyoanikwa mbali. Ukikaribia Matema inakuwa ukuta, unaona mpaka maporomoko meupe yakining'inia, na ziwa limejibana chini yake. Nina umri huu na sikuwahi kufika. Baba alipita hapa na mtoto begani, kwa miguu, na kisahani mfukoni. Nilimwambia Ambakisye asimame. Nikashuka, nikatembea hatua mia moja peke yangu, ili nami niwe nimeitembea.

Saa tisa, Matema. Wanawake wa Ikombe walikuwa wanapakia mtumbwi kurudi kwao. Vyungu vilikuwa vimeondoka, wanarudi na mihogo, mahindi kidogo, na ndizi. Ambakisye akanishushia debe, akasema atanifuata nikimpigia simu. Mimi maji nayaogopa. Niseme wazi. Nilikaa katikati ya mtumbwi nimeshika debe kwa miguu na fundo la kanga lenye kisahani kwa meno. Wanawake wawili walipiga kasia wakiwa wamesimama, wanaongea kuhusu harusi.

"Mama Mnyakyusa," mmoja akasema, "fungua macho, hapa maji yanafika kiunoni tu."

Nikafungua. Aliniongopea, sikuona chini. Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Ikombe ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Shamba halina nafasi, ndiyo maana wanakula kwa udongo na samaki. Kila uwanja kuna vyungu: vibichi kivulini, vikavu juani, vilivyochomwa vimewekwa kifudifudi kama vichwa vya watoto. Walinionyesha nyumba ya Eliza. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, mikono ya udongo mpaka kwenye viwiko, mwanamke wa umri wangu, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyedanganywa sokoni.

Chungu kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimeshakunwa kitako kikawa mviringo. Akakinyanyua, akakikalisha kwenye kisahani, akakibonyeza kidogo kwa viganja, akakitoa. Samaki.

Sikusalimia hata. Nilifungua kanga nikaweka changu chini karibu na chake.

Eliza akaangalia. Akaangalia tena. Akafuta mikono kwenye nguo, jambo ambalo baadaye waliniambia huwa halifanyi hata kwa mchungaji.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

"Mtoto wa aliyepiga msumari."

Akainuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Mpaka leo kitambaa changu cha kichwa kina udongo. Kisha akanisukuma kifuani, si kidogo. "Mbona mmechelewa hivyo? Baba yangu alikufa akisema, 'Zamu ni yake. Mimi nilimpa chungu.'"

Nilikaa chini. "Na wa kwangu alisema, 'Zamu ni yake. Mimi nilikwenda.'"

Tulitazamana. Kwetu na kwao ni vilevile: aliyetoa wa mwisho hukaa nyumbani asubiri. Ukimfuata tena ni kama unamwambia hana adabu, hajui kurudisha. Kwa hiyo wazee wawili waliolala shimo moja Burma waliogopa kuaibishana, kila mmoja akahesabu kuwa ametoa wa mwisho. Mmoja alihesabu miguu yake, mwingine alihesabu chungu chake. Tulicheka kwanza. Halafu Eliza akasema, "Wapumbavu," kwa upole sana, na hatukucheka tena.

Ijumaa asubuhi, uwanjani kwa Eliza. Nikaona sasa niseme kilichonileta. Nikasogeza debe mbele yake nikafunua. Mchele wa Kyela, mweupe, unanukia kabla haujapikwa. Majirani walisogea, mwaka ule mchele ulikuwa unatazamwa.

"Dada," nikasema, "nimekuja kubadilisha. Kaka yangu macho yamekwisha. Anataka kushika samaki wa pili. Nipe kisahani, chukua debe."

Eliza akachota mchele kwa kisahani chake, akakisawazisha kwa kidole, akanionyesha. "Kwetu kitu hubadilishwa kwa ujazo wake. Hiki kinabeba kiganja. Umeleta debe kwa kiganja? Hujui kununua." Akamwaga mchele ukarudi. Majirani wakacheka sana.

"Sichezi, dada."

"Hata mimi sichezi. Hakitoki hapa. Kinafanya kazi."

"Nitakirudisha."

"Hakitoki hapa. Kinafanya kazi. Leo nina vyungu thelathini havijapata samaki. Chungu cha Eliza kisicho na samaki nani atakinunua? Wewe chako kinafanya kazi gani?"

Nikajivuna. Nikamwambia kila Jumamosi nakisugua kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso. Akakichukua changu, akakilinganisha na chake kwenye mwanga. Akanipa vyote viwili. Nikapitisha kidole. Samaki wake alikuwa ameshuka, miaka yote ya udongo imemla. Wangu ameshuka zaidi. Mimi nilimsugua mgongo kwa majivu ya jikoni, kila wiki, nikimwita urithi, na vitone vya mkiani karibu nimalize kuvifuta. Aliyekitumia chake kakitunza kuliko mimi niliyekificha changu.

Niliona haya, na haya zangu huwa hasira. Nikainuka nikaenda kusimama ziwani. Nilimfikiria kaka yangu anakaa barazani akinisubiri kwa kikohozi changu, na mimi naja na mikono mitupu na debe langu.

Nilipogeuka, Eliza alikuwa amekaa na bonge la udongo mapajani. "Njoo hapa, mwenye hasira," akaniita. "Kaka yako anataka shaba au anataka samaki?"

Nikarudi. Nikakaa.

Alitengeneza sahani ya udongo, pana, ukuta mfupi. Akasema nibonyeze mwenyewe. Nikachukua kisahani changu nikakibonyeza kushoto, cha kwake kulia, jinsi wanavyokaa wakiangaliana. Nikabandua. Samaki wametoka wamegeuziana migongo! Nilikuwa nimeusahau ugali wangu mwenyewe.

"Wamenuniana," akasema Eliza.

"Ndivyo walivyokaa," nikasema mimi.

Akaukanda udongo upya, akaupiga, akaupangusa. Safari hii tuliviweka kinyume: chake kushoto, changu kulia. Tukabonyeza pamoja, yeye kwa kiganja chake, mimi kwa changu. Tukabandua. Pua kwa pua. Nilipiga kigelegele, na upande wa pili wa kijiji mtu nisiyemjua akakiitikia.

Siku nne nyingine nilikaa Ikombe, kwa sababu udongo hauharakishwi. Ule mchele tuliula. Eliza aliupika kwenye chungu cha samaki, pamoja na mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, na waliokula walikuwa wengi kuliko walioalikwa. Nilijaribu kufinyanga. Chungu changu cha kwanza kiliinamia upande kama mlevi. Eliza alisema anaweza kukiuza kwa mtu anayekunywa akiwa amelala.

Jumanne saa nne, ufukweni, ndiyo siku ya kuchoma. Waliweka vyungu juu ya kuni, wakafunika kwa nyasi kavu, sahani yetu katikati. Eliza alinionya: "Kitu kinene kikiwa na maji ndani, kinapasuka. Usinililie." Wakawasha. Moto ulisimama kama nyumba. Tukasikia mlio: pa! Nikamshika mkono. "Chungu kidogo," akasema. Kisha tena: pa! Safari hii alikaza macho kwenye moto. Nilimwomba Mungu, yule wa kitone cha tatu mkiani, nikamwahidi nitaacha kusugua.

Jivu lilipopoa akaingia na kijiti kirefu, akavitoa kimoja kimoja. Viwili vimepasuka. Sahani ilitoka ya mwisho, nyekundu, ina doa jeusi ukingoni ambapo moto uliilamba. Akaigonga kwa ukucha. Ililia kama kengele ndogo. Eliza akaanza kucheza, mimi nikaanza kucheza, vikongwe wawili kwenye jivu. Picha ipo, wameisambaza kwenye simu, sina la kuficha.

Wakati wa kuagana nilimnyooshea kidole mbele ya wanawake wote: "Nyote ni mashahidi. Mimi nimekuja. Sasa zamu ni yako, Eliza. Usianze kuhesabu sahani."

"Nitakuja mpunga ukikomaa," akasema. "Siji kula mhogo wako."

Jumatano jioni nilirudi Busale, jua bado lipo. Nilishuka kwenye pikipiki nikakohoa. Kaka Andwele akainua kichwa.

"Umekuja naye?"

Nikaweka sahani mapajani kwake. Vidole vyake vilitembea taratibu. Vikafika kwa samaki wa kwanza, vikapanda mgongo, vikashuka mkiani. "Moja, mbili, tatu." Vikavuka kwa wa pili. "Moja, mbili, tatu." Kisha akarudi katikati, akaweka kidole kimoja kati ya pua mbili.

"Wanaangaliana," akasema.

"Wanaangaliana, kaka."

Alikaa hivyo mpaka Tumaini akaleta chakula, na hakutaka kuondoa kidole, akala kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza habari za zamu. Alicheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale yasiyoona.

Kesho yake nilivishusha visahani vyote. Cha ngamia sasa kina chumvi. Chenye miguu ya risasi kina vidonge vya presha. Kile cha Mwaya kimerudi kwa vifaranga, wa kwangu safari hii. Na cha Baba nimempa Kaka Andwele. Anawekea karanga, na kila akichukua moja kidole chake kinampitia samaki. Nilichojifunza ni hiki, sina kingine cha kuwaongezea: kitu cha marehemu kipe kazi, na kama una rafiki, ondoka leo, usihesabu.

Jumamosi Gwakisa alifika na gari na maboksi mawili yenye pamba. Alisikia habari kwa simu. Akasalimia, akanywa maji, akatazama rafu tupu. Halafu akakiona cha Baba mkononi mwa mjomba wake, akanyoosha mkono.

"Mama, tulikubaliana. Tuanze na hiki."

"Hakitoki hapa. Kinafanya kazi."

"Mama, ni kisahani cha kihistoria, na mjomba anakilia karanga!"

Kaka Andwele alichukua karanga nyingine. Mimi nikamfungulia mwanangu maboksi yake, nikamjazia ndizi, kabati lake likae na kitu, nikamwambia tena, taratibu, ili asikie vizuri:

"Hakitoki hapa. Kinafanya kazi."